Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Kuhusu Chupa za Maji za Mezani Kwako

YAH: OMBI LA CHUPA TUPU, PAMOJA NA MAMBO MENGINE MADOGO YA PUMU

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Kwa umri wangu ningeweza kuipokea badala ya kuitoa, lakini cheo ni dhamana, na mimi mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Dodoma sina dhamana yoyote zaidi ya matuta machache ya mchicha. Kwa hiyo shikamoo tena.

Adabu ilitaka nikuandikie nikiwa nimepiga magoti. Bahati mbaya sakafu yangu ina vumbi na kifua changu hakijui itifaki, hivyo naomba radhi kwamba barua hii imeandikwa na mtu aliyekaa kitini. Jirani zangu wameniasa nisikusumbue kwa jambo dogo kama pumu wakati una majengo ya kuzindua. Nimewajibu kwamba hawakufahamu vizuri.

Nianze na pongezi, maana barua kwa mkubwa ikikosa pongezi huitwa malalamiko, nami silalamiki hata kidogo. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi Mei dunia huadhimisha Siku ya Pumu. Fulana huchapishwa, kofia hugawiwa, na wakubwa hutuhimiza tuwahi kupata matibabu. Kaulimbiu ya mwaka 2025 ilitaka dawa za kuvuta ziwafikie watu wote. Ni kaulimbiu nzuri sana, ila ina kasoro moja: inaeleweka. Mtu akiisoma kwenye fulana anaweza kwenda nayo moja kwa moja hadi dirisha la dawa la zahanati.

Mimi nilikwenda. Zahanati yenyewe sitaitaja, kwa kuwa muuguzi wa pale ni binti mwenye heshima na sitaki ahamishwe. Niliomba pampu ya kuzuia, ile ambayo mara nyingi huwa ya kahawia. "Mzee wangu, hiyo hapa hatuna," alisema. "Ya bluu labda mwezi ujao. Vidonge vipo." Akanihesabia vidonge vya salbutamoli, akaandika juu ya bahasha: kutwa mara tatu.

Nisamehe, Mheshimiwa, nikieleza mambo ambayo wataalamu wako walishakueleza. Wasomaji wengine wa barua hii hawana wataalamu. Mtu mwenye pumu ana njia za hewa zilizovimba kwa ndani. Kuta zake zimenenepa, makohozi ni mazito, na misuli inayozizunguka hukaza kwa uchokozi mdogo tu: moshi wa kuni, vumbi, baridi ya alfajiri, utitiri usioonekana kwa macho unaoishi ndani ya godoro. Salbutamoli, iliyomo katika vidonge vile na katika pampu ya bluu, na iliyoingia katika tiba mwaka 1969, huilegeza misuli hiyo. Hufanya hivyo ndani ya dakika chache na kwa uhodari, ndiyo maana sisi wagonjwa tunaipenda. Uvimbe haiugusi. Ni kumfungulia mtu dirisha apate hewa huku nyumba ikiendelea kuungua. Inayoshughulika na uvimbe ni ile pampu ya kuzuia, yenye steroidi ya kuvuta kama beklometasoni iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tatizo lake ni kwamba haijisifu. Mgonjwa huivuta siku nyingi kabla hajaona tofauti, na wengi huiacha njiani.

Watafiti wamelisema hili kwa upole unaokaribia wangu. Mwaka 2000 Samy Suissa na wenzake walichapisha hesabu za wagonjwa wa jimbo la Saskatchewan, Kanada: kila kopo moja la ziada la steroidi ya kuvuta alilotumia mgonjwa ndani ya mwaka lilikwenda pamoja na upungufu wa takriban asilimia 21 katika vifo vya pumu. New Zealand nayo ina historia yake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 nchi hiyo ilizika vijana wengi wa pumu, na mwaka 1989 watafiti wake wakaonyesha kuwa fenoteroli, pampu kali ya kufungua kifua iliyokuwa ikitumika sana, ilihusiana na vifo hivyo. Tangu hapo wamekuwa wakali kwa pampu za aina hiyo. Katika jaribio la Novel START lililochapishwa mwaka 2019, watu wazima wenye pumu nyepesi waliopewa pampu yenye budesonidi, ambayo ni steroidi, na formoteroli, ya kufungua kifua, kwa pamoja, waivute pale tu wanapobanwa, walipata mashambulizi kama nusu ya waliotegemea salbutamoli peke yake. Sehemu ya fedha za jaribio hilo ilitoka kwa mtengenezaji wa dawa yenyewe. Nalisema mimi ili usije ukalisikia kwa wabaya wangu. Lakini jaribio jingine la hukohuko, lililogharimiwa na fedha za umma, liliitetea pampu hiyohiyo.

Mwaka huohuo GINA, jopo la kimataifa linaloandika miongozo ya pumu, likatamka kwamba mtu mzima au kijana asitibiwe kwa pampu ya kufungua kifua pekee. Mheshimiwa, mimi nilikuwa bado sijapata hata hiyo ya bluu, nikaambiwa tayari imepitwa na wakati.

Na vidonge je? Pampu ya bluu hutoa mikrogramu 100 kwa kila mvuto. Kidonge cha miligramu 4 kina mara 40 ya hizo, na kwa kuwa hupitia tumboni na kwenye damu kabla ya kufika mapafuni, moyo na vidole hupata mgawo wao. Mwandiko wa barua hii ungekuwa mzuri zaidi kama ningeiandika kabla ya kumeza.

Sasa naomba ruhusa ya kupanda hadi puani, mahali ambapo najua si pa heshima. Mwaka 2001 wataalamu wa ARIA, kundi linaloshughulika na mafua ya mzio na pumu, waliofanya kazi pamoja na Shirika la Afya Duniani chini ya Jean Bousquet wa Ufaransa, walitoa ripoti iliyosisitiza kwamba pua na mapafu ni njia moja, na kwamba wagonjwa wengi wa pumu wana mafua ya mzio pia. Ukipuuza pua, kifua hakitulii. Kwetu mgonjwa wa namna hiyo huambiwa ana mafua tu. Anapiga chafya mfululizo, macho yanawasha, pua imeziba miezi na miezi, na mara nyingi hutoka dukani na amoksilini. Amoksilini haina ugomvi wowote na chavua wala utitiri. Au atapewa klofeniramini, vile vidonge vidogo vya njano vya mzio, alale.

Kulala ndiko kunakonigusa, kwa kuwa nimesimamia mitihani ya kutosha kujua mtoto aliyesinzia juu ya karatasi hafanani na mtoto asiyejua jibu. Uingereza, Samantha Walker na wenzake walilipima jambo hilo kwa wanafunzi wa sekondari na kuchapisha mwaka 2007. Waliokuwa na dalili za mafua ya mzio siku za mtihani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa kama asilimia 40, wa kushuka daraja kulinganisha na mtihani wa majaribio. Waliotumia dawa za mzio zinazoleta usingizi, kama asilimia 70. Loratadini, nayo dawa ya mzio, haileti usingizi kiasi hicho, na dawa ya steroidi ya kupuliza puani haileti kabisa. Ukipata nafasi ya kuongea na Waziri mwenzako wa Elimu, mfikishie salamu zangu na hiyo takwimu.

Hapa ndipo nafika kwenye ombi lililonifanya nichukue kalamu. Hata pampu ikipatikana, wengi wetu tunaipulizia ulimi. Mtoto mdogo hawezi kabisa kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, na ndiyo maana hospitali hutumia spesa, kile kibuyu cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Cha kununua kina bei yake. Lakini mwaka 1999, Heather Zar na wenzake wa huko Cape Town walichapisha vipimo vya watoto waliokuja wamebanwa na pumu. Wengine walipewa dawa kwa spesa ya kiwandani, wengine kwa chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu. Chupa ilifanya kazi sawasawa na spesa ya kiwandani. Ile ambayo tundu lake halikuzibwa vizuri ilirudi nyuma kidogo. Kikombe cha polistirini kilikuwa cha mwisho.

Mheshimiwa, nimekuona kwenye taarifa ya habari. Mbele ya kila mjumbe wa kikao chako kuna chupa ya maji, nayo, kwa jicho langu la mwalimu, ni ya mililita 500. Mjumbe hunywa mafunda mawili, anashukuru kwa kupewa nafasi, anaondoka. Naomba hizo chupa. Maji kunyweni, hayo hayanihusu. Muuguzi mwenye waya uliopashwa moto na gundi anaweza kutoboa na kuziba tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, na kikao kimoja cha bajeti kinaweza kuvusha kijiji. Vikombe vya polistirini vya kahawa bakini navyo, utafiti umeshavikataa.

Usije ukashauriwa kwamba haya ni mambo ya watu wa nchi za baridi. Mwaka 1998 Lucy Ng'ang'a na wenzake walichapisha matokeo ya watoto waliokimbizwa kisha wakapimwa pumzi nchini Kenya: waliobanwa walikuwa asilimia 22.9 mjini na 13.2 kijijini. Utafiti wa ACACIA, ambao Kampala ilikuwa mmoja wa miji yake sita ya Afrika, ulikuta vijana wengi wenye dalili ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa wana pumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, wengi wao katika nchi zenye kipato kama chetu.

Najua Serikali haijalala. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kuni na mkaa ifikapo 2034, na sisi wenye vifua vibovu tunausubiri huku tukipumua kwa uangalifu. Juu ya vumbi linaloachwa na misafara ya wakubwa katika barabara zetu za mitaani sina la kusema. Tunalipokea kama sehemu ya ugeni.

Ningekuwa na ujasiri, ningeomba Bohari ya Dawa iagizwe kuifikisha steroidi ya kuvuta hadi zahanati. Pampu ya mchanganyiko ni ghali, nakubali. Lakini miongozo ya GINA inaruhusu njia nyingine: kila mgonjwa anapovuta ya bluu, avute na ya steroidi hapohapo. Kwa maoni yangu yasiyo na cheo, ni heri beklometasoni ya kawaida iliyopo dirishani kuliko pampu mpya iliyopo kwenye hotuba. Na vidonge vya salbutamoli vikome kuwa jibu la kwanza kwa kila anayefika akikohoa na kukorota.

Tena, Jumanne ya kwanza ya Mei ijayo usituletee fulana. Tusomee, kwa sauti yako mwenyewe, orodha ya zahanati ambazo siku hiyo zina pampu ya kuzuia pumu. Kama ni fupi, tutavumilia ufupi wake.

Naomba kuwasilisha.

Mtiifu wako,
Mwalimu mstaafu, Dodoma