YAH: Pongezi kwa Huduma ya Majarida ya Mtandaoni

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Maktaba,
Chuo Kikuu (jina limehifadhiwa, tofauti na makala zetu).

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumeliona bango jipya mlangoni linalotangaza kwamba majarida ya mtandaoni yanapatikana saa 24. Ni kweli, na saa ya 25 hayapatikani tena.

Mwanafunzi anaingia kwa nywila ya chuo, anaipata makala aliyoihangaikia, ananakili anwani iliyo juu ya kivinjari na kujitumia WhatsApp. Keshoye anaibofya, anaambiwa muda wake umekwisha. Kumbe anwani ile ilikuwa ya kikao kile tu. Alipotoka, nayo ikafa. Isiyokufa ilikuwa kwenye ukurasa uleule, karibu na jina la mwandishi: DOI, ile namba inayoanza na 10, ambayo itakufikisha kwenye makala hata mchapishaji akihamisha tovuti yake. Ofisi yako inalijua hilo miaka yote. Hongera kwa kutunza siri.

Basi tumejenga maktaba yetu. Tawi kuu liko kwenye grupu la darasa, ambako madesa yote yanaitwa "download (7)", na ukiuliza lipi ni la nadharia unajibiwa "panda juu". Hifadhi ya taifa iko kwa kaka wa steshenari nje ya geti. Kompyuta yake ina folda ya kila kozi, kila mwalimu, na mitihani iliyopita kwa mpangilio wa miaka. Flashi ikichomekwa pale inatoka na virusi, hilo hatukatai, lakini hajawahi kumwambia mtu kwamba muda wake umekwisha. Tunapendekeza apewe cheo cha Mkutubi Mwandamizi, na posho.

Tunafahamu pia kwamba mnafundisha Zotero, programu ya bure iliyotoka mwaka 2006, inayopanga makala kwa mwandishi na mwaka, na kuandika orodha ya marejeo yenyewe. Ukishapakua faili, unalisoma hata bando likiisha. Mafunzo yake mnayatoa mwaka wa mwisho, wiki ya kukusanya tasnifu, wakati mtu ameshaandika marejeo yote kwa mkono na nusu yake hakumbuki aliyatoa wapi. Tangazo hutumwa kwa barua pepe ya chuo, ambayo nywila yake inajulikana na Mungu na kitengo cha kompyuta. Mkiyapeleka mafunzo hayo mwaka wa kwanza, wiki ileile ya kugawa vitambulisho, tutamkosesha kaka yetu wateja, lakini tutavumilia.

Majibu yako tunaomba yachapwe kwenye karatasi. Tafadhali usitutumie kiungo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wanafunzi wa mwaka wa tatu, wenye sapu na wasio na sapu.

Nakala: Steshenari, nje ya geti (kwa kuhifadhiwa).