Lipewe Kigoda Godoro la Upepo

Saa nane za usiku, Ngara mjini, hata mbwa wa jirani wakiwa wamechoka kubweka, ndipo godoro la upepo huanza kuzungumza. Halipigi kelele. Linasema "psss", kama mtu anayekuita kwa siri dirishani, linanyamaza, kisha linasema tena. Shemeji yangu wa Biharamulo, mwanamume wa kilo zisizopungua mia, aliisikia sauti hiyo mwaka juzi akadhani ni nyoka. Akawasha tochi ya simu, akakagua chini ya makochi, nyuma ya televisheni, ndani ya viatu vyake. Hakuona kitu. Akaketi apumzike, na nyoka akapiga mluzi wa nguvu kuliko yote, kwa sababu alikuwa amemkalia.

Tangu usiku ule nimesikia godoro hili likisemwa vibaya kwenye vikao vya ukoo, tena na watu waliolala juu yake bure. Nimeamua kulitetea. Lucian, yule Msiria aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimsifu nzi na watu wakamsoma. Godoro la upepo linastahili zaidi ya nzi, maana nzi hana pampu yake.

Nililinunua kwa dhiki. Nyumba yangu ina vyumba viwili na sebule, na siku ya ubatizo wa kitinda mimba tulipokea wageni kumi na mmoja. Godoro la sponji, nne kwa sita, inchi nane, ni godoro la kweli, sikatai, lakini mchana linataka pa kujificha. Letu lilisimamishwa nyuma ya mlango, likawaangukia watu wawili, mmoja wao akiwa katekista. La upepo ukilitoa pumzi linaenea kwenye mkoba wa mtoto wa shule. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya familia ya Kizungu ikicheka msituni chini ya nyota. Picha ile ni ya kweli kabisa kwa dakika kumi za kwanza.

Na kwa kuwa atakayelitukana kesho ni yule aliyelinunua leo kwa haraka, nisikilize mimi niliyekosea. Usichukue la plastiki tupu. Hilo hutoa jasho kama binadamu, hulia kila ukigeuka, na shuka halikai juu yake hata ulibane vipi. Chukua lenye velveti juu; langu lilikuwa la buluu. Lile lenye pampu ya umeme ndani linavutia sana dukani, mpaka siku umeme unakatika saa mbili usiku na wageni wameshavua viatu. Pampu ya mguu haijui mgao. Tazama mdomo wa kujazia, maana maradhi mengi huanzia hapo, na uangalie kama ndani ya boksi kuna vipande vya viraka. Kisha mwombe muuzaji ulijaze palepale, ulale juu yake mbele ya watu. Atanuna. Mwache anune.

Mimi, ukiacha velveti, sikufanya hata moja kati ya hayo. Pampu haikuwemo kwenye boksi, kwa hiyo mara ya kwanza tulilipuliza kwa mdomo: mimi, mke wangu na kijana wa jirani, kwa zamu, mpaka kila mmoja akapata kizunguzungu chake. Hapo nikagundua sifa ambayo kitanda cha mninga hakina. Mgeni wangu alilala juu ya pumzi za familia yangu. Ni ukarimu gani unaoupita huo?

Wanaosema linavuja mara nyingi wanalisingizia. Ngara ni nchi ya vilima, na mji wenyewe uko kwenye mita zinazokaribia 1,800 juu ya usawa wa bahari. Jua likizama, baridi inapanda kutoka bondeni kama inayolipwa kwa saa. Hewa ikipoa hujikunja. Godoro ulilolijaza saa kumi jioni likawa kama ngoma, saa sita usiku limekuwa kama chapati, na tundu hakuna. Tena plastiki mpya hunyumbuka siku za mwanzo, ikaongeza nafasi ambayo hukuijaza. Dawa ni kulijaza mapema, kuliacha, kisha kuliongeza kidogo kabla mgeni hajalala. Baridi nayo haiji kwa juu tu. Hewa iliyo ndani haikai, inazunguka, inachukua joto la mgongo wako na kulikabidhi kwa sakafu ya saruji. Kwa hiyo unatandika mkeka chini, halafu godoro, halafu blanketi zito juu ya godoro, ndipo shuka. Mkeka, ambao godoro lilikuja kuufukuza, umerudi na kushika nafasi ya kwanza.

Pancha ya kweli ikitokea, usikimbilie kwa fundi baiskeli kama nilivyofanya. Nilidhani godoro na tairi ni jamaa, na kwa kweli wana damu moja: mwaka 1823 Mskoti Charles Macintosh alipata hataza ya kitambaa kilichobandikwa mpira katikati, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata ya tairi la upepo, hili hili linalobeba mikungu ya ndizi kupanda na kushuka vilima vyetu. Fundi akaweka povu la sabuni, tundu likajitaja lenyewe kwa viputo, akakwaruza, akapaka gundi, akabandika kiraka cha mpira, akakipigapiga kwa upendo. Asubuhi kiraka kilikuwa kwenye shuka. Gundi ya tyubu haishikani na plastiki ile. Vinavyoshikana nayo ni vile viraka vya boksini, ambavyo mwanangu alikuwa ameshavibandika kwenye daftari la hesabu.

Kuhusu watu wawili kulala juu yake nitasema machache, kwa heshima ya ndoa. Mzito akishuka, mwepesi hupaa. Basi.

Sasa nije kwenye kazi yake kubwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nani leo ana uso wa kumpa shemeji jembe? Godoro la upepo linakufanyia kazi hiyo bila kumvunjia mtu heshima. Usiku wa kwanza mgeni yuko juu, usiku wa pili yuko katikati, usiku wa tatu anaanza kuzoeana na sakafu, na asubuhi utamsikia akisema, "Shemeji, nadhani nimekaa sana." Kule kwao Biharamulo Wajerumani walijenga boma la kuta nene, bado limesimama na watu wanalala humo kwa kulipa. Wageni wale walikuja na mawe yao, na mpaka wang'oke ilibidi vita vije mwaka 1916. Laiti wangepewa godoro la upepo, siku ya tatu wangeaga wenyewe.

Mama yangu hacheki hadithi hii. Kwake ugeni ni siku zile za mwisho za Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, wakajaa Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Walilala kwenye nyasi, baadaye chini ya maturubai ya buluu, na wengi hawakurudishwa kwao mpaka Desemba 1996. Mama alikuwa na mikeka miwili. Akatoa mmoja. Haujarudi, wala hajawahi kuuulizia. Akija kwangu analitazama godoro, anaitazama pampu, anasema, "Baba, hiki kitu chako kinamtaka mgeni aje na taarifa."

Nilitaka kumwonyesha kwamba lina uwanja wake, nikalipeleka porini. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 kutoka mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,707, na kati ya hizo zote godoro langu lilichagua kulala juu ya mwiba mmoja wa mgunga. Halikupiga hata "psss". Lilishusha pumzi moja ndefu, kama mzee anayeketi baada ya safari, na likatulaza ardhini kwa upole, mimi na shemeji yuleyule. Usiku kucha tulisikia viboko wakikoroma upande wa ziwa. "Wale nao," akasema shemeji gizani, "wanalala juu ya nini?"

Halikuinuka tena. Nikalikunja, nikalirudisha Ngara, na kijana wa bodaboda wa pale mtaani akaniomba kipande. Sikuuliza cha nini. Wiki iliyopita mvua imekatika nikapanda pikipiki yake kwenda Kabanga, na siti ilikuwa imefunikwa velveti ya buluu. Nikaipapasa kwa mkono kwanza. Ilikuwa kavu. Nikakaa polepole, nikisikiliza.