Kivuli Kilichomfuata Bibi Harusi

Dadangu alikataa kumlipa kijana wa kamera salio lake, na kwa kukataa huko nyumba yetu ya Kibokoni ikagawanyika pande mbili. Kisa chenyewe ni video fupi ya binti yake, bibi harusi, iliyopigwa Mama Ngina, ukingoni mwa bahari Mombasa, jua likielekea Magharibi. Ile ya ukumbini ilikuwa ya wanawake pekee na ilifungiwa kabatini. Hii ya Mama Ngina ndiyo iliyoruhusiwa kuonwa na kila mtu, na kwa hiyo ndiyo iliyobeba heshima ya harusi nzima mbele ya wajomba, mashemeji na majirani.

Anayeijua Mombasa anajua kwa nini maharusi hupelekwa pale. Ni upande wa kusini wa kisiwa, mibuyu mikongwe huku na mkondo wa Kilindini kule. Tangu mahali pale pakarabatiwe na kuzinduliwa upya mwaka wa 2019, mwaka ambao sherehe za Mashujaa zilifanyika papo hapo, watu hujaa kila jioni kula mihogo na kunywa madafu. Meli za makontena zinazoingia bandarini hupita karibu mno na ukingo, na feri za Likoni huonekana zikivuka. Kijana wa kamera alibahatika. Bibi harusi na wenzake wanatembea, upepo unayapeperusha mabuibui yao meusi, na nyuma yao meli inaingia taratibu. Katika picha ile kila kitu kinakwenda, na mwendo ndio uliotuletea balaa.

Kaka yake bibi harusi ana kioo kikubwa cha kompyuta, kilichopinda, alichokinunua kwa ajili ya michezo yake. Hakuna kikubwa kukishinda nyumbani, kwa hiyo ndicho kilichowekwa sebuleni siku wakwe walipokuja. Video ikaanza. Bibi harusi akapita, na nyuma ya buibui lake ukapita weusi mwingine, ukimfuata unyounyo, ukichelewa kidogo, kisha ukiyeyuka juu ya ukuta wa kijivu. Akigeuka, nao unageuka. Mama mkwe wake alikiweka chini kikombe cha kahawa. Shangazi mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi. Dadangu alinyanyuka akazima, akasema maneno mazito juu ya vijana wasiojua kazi, na tangu jioni ile salio likawa halitoki.

Bi Mkubwa, mama yetu, alisema neno moja tu: "Mbona kwangu hakuna kivuli?" Alikuwa ameitazama video ileile chumbani kwake, kwenye televisheni ya kichogo iliyoletwa kutoka Ghuba zamani, ambayo mjukuu wake ameiunganisha na kiboksi cha kugeuza nyaya. Hakuna aliyemjibu. Watu waliihesabu televisheni ile kuwa mzigo unaosubiri siku ya kutupwa.

Mimi nilishika upande wa kijana wa kamera. Ni mtoto wa mtaani kwetu, na jina lake ndilo duka lake. Mtu wa kazi ile akivunjiwa jina hapa Mji wa Kale, hapati harusi nyingine. Maneno hutoka Kibokoni asubuhi yakafika Kuze kabla ya adhuhuri. Nikataka video itazamwe kwenye vioo vingine kabla mwenyewe hajahukumiwa.

Tulianza na kioo cha mume wangu, kile cha kupigia hesabu dukani. Kilipandishwa ngazi, na kwa kuwa meza zote zilijaa masinia, kikawekwa juu ya kabati la vyombo. Wanawake wakakaa chini kwenye mkeka. Video ilipoanza, uso wa bibi harusi ukafifia ukawa wa kijivu, weusi wa mabuibui ukang'aa pasipotakiwa kung'aa, na bahari ikageuka rangi isiyo na jina. "Sasa ndio wamemmaliza mwanangu!" dadangu akalia. Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuelewa kilio kile kinatoka wapi. "Khalati, simama," akamwambia. Dadangu akasimama, na picha ikarudi sawasawa. Akikaa inaharibika, akisimama inapona. Kioo kikateremshwa hadi kwenye kigoda, usawa wa macho ya waliokaa, na hapo tukaona jambo jingine: kile kivuli kizito hakikuwapo.

Shemeji yetu, aliyekuja kutoka Maskati kwa ajili ya harusi, akaleta kompyuta yake ya mkononi yenye kioo cha aina ya OLED. Pale weusi ulikuwa weusi kweli na kivuli hakikuonekana kabisa. Dadangu hakukubali. Kompyuta ya bei ile, alisema, imesafisha makosa ya kamera yenyewe kwa yenyewe. Basi binti yangu akaleta cha kwake, cha aina ya IPS, anachochorea michoro yake ya hina, na vyote vinne vikapangwa sebuleni kwa waya moja ndefu ya stima. Katikati ya jaribio tokeni ya stima ikaisha. Tulikaa gizani na vioo vyetu, tukabishana hadi mtu akanunua nyingine kwa simu.

Taa ziliporudi, binti yangu alifanya jambo rahisi kuliko yote. Akaicheza video kwenye kile kioo kilichopinda, akangoja kivuli kitokee, akaisimamisha. Picha ikatulia, kivuli kikatoweka. Pindo la buibui lilionekana safi hadi kwenye nakshi. Akaiachilia, kivuli kikarudi. Akaisimamisha tena, kikaondoka. Kama kijana angekosea, kosa lingebaki ndani ya picha iliyosimama, kwa sababu kamera iliyoburuza picha huiacha imeburuzika milele. Kinachopona kwa kusimamishwa hakimo ndani ya video. Kinazaliwa baina ya kioo na jicho.

Vioo vingi vya leo vina taa nyuma, na mbele yake tabaka la fuwele za majimaji zinazoruhusu au kuzuia mwanga. Tofauti iko katika namna fuwele hizo zinavyolala na kugeuka. Kioo cha dukani ni cha TN, mtindo uliobuniwa Uswisi mwaka wa 1970 na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich. Fuwele zake hujisokota na kujisokotoa haraka, ndiyo maana hakiachi mkia mkubwa, lakini picha yake ni ya anayekitazama usoni. Anayekitazama kutoka chini huonyeshwa rangi zilizopinduka, na sebule ya mkeka ni adui yake mkubwa.

Kile kilichopinda ni cha VA. Fuwele zake zikipumzika husimama wima na kufunga mwanga vizuri, kwa hiyo weusi wake ni mzito kuliko wa TN na IPS. Gharama yake iko mumo humo gizani. Ili nukta itoke weusi kwenda kijivu, huhitaji umeme mdogo tu, na umeme mdogo huzisukuma fuwele polepole. Picha mpya ikija mara 60 kwa sekunde, kila moja ina takriban milisekunde 17, na nukta ya VA inayotoka gizani yaweza kuhitaji muda mrefu zaidi ya huo. Buibui limeshapita, nukta bado haijafika kwenye kijivu cha ukuta. Jua la Magharibi, ukuta wa kijivu, nguo nyeusi inayopepea: hakuna picha ingeweza kukifichua kioo kile zaidi ya hii. Meli nyeupe ya mchana isingeonyesha chochote.

IPS, ambayo Hitachi ya Japani iliiingiza sokoni miaka ya 1990, hugeuza fuwele zikiwa zimelala. Weusi wake huelekea kijivu ukizima taa za chumba, ila rangi hazimtupi aliyekaa pembeni wala aliyekaa chini, na mkia wake ni mfupi. OLED, iliyotokana na kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke kule Kodak, waliyoitangaza mwaka wa 1987, haina taa ya nyuma kabisa. Kila nukta hujiwakia na kujizimia yenyewe chini ya milisekunde moja.

Hata hivyo, kwenye OLED ya shemeji pindo la buibui halikuwa kali kama lilivyokuwa liliposimamishwa. Sababu ni jicho letu. Tukimfuata mtu anayetembea, macho husogea mfululizo bila kukatika. Kioo hakisogei hivyo. Hukamata picha moja, huishikilia hadi zamu ya picha inayofuata, ndipo kikaibadilisha. Picha iliyotulia chini ya jicho linalokwenda huburuzika, kama hina mbichi inavyoburuzwa na ukingo wa mkono wa kanzu. Hesabu yake ni nyepesi. Kitu kikivuka kioo chenye upana wa pikseli 1,920 kwa sekunde mbili, kinakwenda pikseli 960 kwa sekunde. Kwenye kioo cha picha 60 kwa sekunde, jicho huburuza takriban pikseli 16. Picha zikiwa 120 kwa sekunde, ni 8. Wepesi wa nukta haupunguzi hesabu hiyo. Kinachoipunguza ni kuishikilia picha kwa muda mfupi zaidi.

Hapo Bi Mkubwa akapata haki yake. Ndani ya kile kichogo, mwale wa elektroni hupita ukimulika kila nukta kwa kitambo kidogo sana, kisha nukta hufifia hadi zamu yake irudi. Picha haikai ikashikiliwa, na jicho halina cha kuburuza. Televisheni ile ni nzito, ni ndogo, na humetameta ikamchosha asiyeizoea, lakini kwa mwendo ilimwonyesha Bi Mkubwa pindo la mjukuu wake safi kuliko vioo vyote vilivyopangwa sebuleni. Aliona kweli, akasema kweli.

Mtoto wa dadangu aliuliza kama kuongeza kasi ya kioo chake hadi picha 144 kwa sekunde kungeiponya video. Kungesaidia michezo, kwa sababu mchezo unaweza kuchora picha mpya kila zamu. Video ilipigwa kwa picha 60 kwa sekunde, na kioo hakiwezi kuonyesha picha ambazo kamera haikuzipiga. Upo pia mpangilio wa kuzisukuma fuwele kwa nguvu zaidi. Tulipouongeza kidogo, kivuli kilipungua. Tulipouongeza mno, nyuma ya buibui kikatokea kivuli cheupe, na shangazi akarudi kwenye Ayatul Kursi.

Kwa hiyo ukienda dukani Barabara ya Digo kutafuta kioo, usiridhike na maneno "milisekunde moja" yaliyoandikwa kwenye boksi. Namba ile huenda ikawa imepimwa kwenye badiliko la rangi lililo jepesi kuliko yote, wala si nguo nyeusi jioni. Omba uchezewe video yenye kitu cheusi kinachotembea mahali penye giza. Itazame ukiwa umekaa jinsi utakavyokaa nyumbani, hata kama ni chini. Kama nyumba yako ni ya michezo ya kasi, lipia zamu nyingi za picha. Kama ni ya familia kutazama pamoja, IPS itawatosha waliokaa pande zote. OLED ni nzuri ukiimudu, ila usiiachie nembo ya stesheni ikae pembeni mchana kutwa, maana alama yake yaweza kubaki. VA ina weusi wa kupendeza kwa filamu zinazokwenda taratibu, na mtoto wa dadangu alibaki nayo kwa moyo mweupe.

Kosa la dadangu halikuwa hasira. Mama yeyote angekasirika. Uzito ulikuwa katika kumpa mtu lawama ya chombo. Siku hizi kazi zetu nyingi hufika kwa watu kupitia vioo tusivyovichagua: picha za harusi, masomo ya watoto, mechi, hata ushahidi wa kamera za mitaani. Anayetazama ana wajibu wa kusimamisha picha na kujaribu kioo cha pili kabla hajatamka hukumu.

Bi Mkubwa ndiye aliyetoa amri. "Mlipe mtoto wa watu, na umwongeze," alimwambia dadangu, "jina lake limetafunwa bure." Pesa zilitumwa kwa simu palepale. Jina lilihitaji muda mrefu zaidi, na dadangu alivaa buibui lake akalirudisha mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akianzia kwa wakwe.