Siha Yangu, Mali ya Umma

Daktari aliponinasihi, kwa ajili ya sukari iliyokuwa ikininyemelea damuni, niziache chapati za usiku na chai tamu, hakunitahadharisha kwamba kupungua kwa kiwiliwili ni jambo la hadhara, ambalo kila mkazi wa Nairobi, kuanzia Kencom hadi Kangemi, ana haki ya kulitolea rai. Mama mboga wa Kawangware, ambaye zamani alinikatia sukuma wiki bila kuniinulia macho, sasa aliniongezea fungu la bure na kunisihi nisikate tamaa, kwani Mungu yupo, makanga wa matatu ya 46 aliniita "mzee", ilhali nilipokuwa na kitambi nilikuwa "bosi", na sahibu mmoja, tuliyekutana mbele ya Msikiti wa Jamia, alinishika kifundo cha mkono, akakizungushia kidole gumba na cha shahada hata vikakutana, kisha akaninong'oneza: "Ndugu yangu, dawa unameza?"

Sikumlaumu. Sisi ni rika lililokulia zama ambazo watu wa Rakai, Uganda, waliuita UKIMWI "silimu" kwa kule kukondesha kwake, na Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999, kukonda kulikuwa kumekwisha kuwa ushahidi uliotosha kumhukumu mtu bila kipimo. Kitambi hakikuulizwa neno. Kilikuwa cheti cha mshahara. (Mwanamke akipungua huambiwa amependeza, walau mbele yake, mwanamume huulizwa mkewe amesafiri lini.)

Nikitafuta shahidi asiye na huruma, nilimwendea kijana mwenye mizani kando ya barabara ya Tom Mboya, karibu na jengo la Nyaraka za Taifa, apimaye wapita njia kwa sarafu chache. Alisoma, akaandika kwenye kikaratasi kwamba uzito wangu wawafikiana barabara na kimo changu, akanitazama usoni, akanirudishia sarafu zangu. "Wacha tu, mzee. Nunua maziwa."

Nilipofika Uthiru nikapata habari kwamba wenzangu wa zamani kazini wamekwisha kuunda kamati ya matibabu yangu, yenye mwenyekiti, mweka hazina na nambari ya M-Pesa, na kwamba michango imefika kiasi cha kutia haya. Nikampigia mweka hazina, nikamweleza kwa taadhima kuwa mimi ni mzima, na kwamba kilichonipunguza ni maharagwe yasiyo na chapati. Alinyamaza kitambo.

"Sasa ndugu," akasema, kwa uchungu wa kweli, "hizi pesa tuwarudishie watu kwa maelezo gani?"