Kambale Aenda Kuvua Kambale

Sisi watu wa Butembo bahari tunaijua kwa njia moja tu: makayabo, samaki wa chumvi. Anatufikia mkavu, chumvi mwili mzima, na lazima alale usiku kucha ndani ya beseni la maji ndipo akubali kuitwa chakula. Habari nyingine zote za maji ya chumvi tumewaachia watu wa pwani. Kwa hiyo binamu yangu aliponipigia simu kutoka Ubelgiji, akaniambia anakuja likizo na anataka nimtafutie kinamasi cha kuvulia samaki kwa nzi, nilimwomba arudie. Nilidhani mtandao unakatakata.

Nimwite Kambale. Kwa kumwita hivyo sijamtaja mtu, maana kwetu Wanande mtoto wa pili wa kiume ni Kambale karibu kila nyumba. Liite jina hilo sokoni: atageuka muuzaji, atageuka mnunuzi, na anayemwibia mnunuzi atageuka pia.

Marafiki zake walikuwa wamempeleka Louisiana, kusini mwa Marekani, ambako mto Mississippi unaingia baharini kwa kupitia vinamasi vya chumvi visivyo na mwisho. Huko, alinieleza, mteja anasimama mbele ya mashua bapa kama nabii. Nyuma yake yuko gide, anayeisukuma mashua kwa mti mrefu, kimya kimya, huku akitafuta mkia wa samaki kwenye maji ya magotini. Akiuona ananong'ona, na mteja anarusha mshipi. Kwenye ndoano hakuna mnyoo wala kipande cha nyama. Kuna manyoya na nywele zilizofungwa kwa uzi zifanane na nzi au uduvi. Kitu hicho hakina uzito wowote, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na hupigwa nyuma na mbele hewani mpaka ufike unakotakiwa. Samaki akinaswa anapigwa picha, anapapaswa, anarudishwa majini. Kisha gide analipwa mamia ya dola.

"Samaki anarudishwa?" nikauliza.

"Ndiyo."

"Na dola?"

"Hizo hazirudi. Mdogo wangu, safari hii gide ni wewe."

Sifa yangu ya kupewa kazi hiyo ilikuwa moja: nilikuwapo.

Alipita Entebbe, akavuka mpaka pale Kasindi. Sasa, kutoka Kasindi Ziwa Edward, tulikokusudia kuvua, liko karibu, angeweza kulala Kyavinyonge, ufukoni kwake, siku hiyohiyo. Lakini mtu hawezi kushuka kutoka Ulaya akaanza na samaki kabla ya mashangazi. Tukaliacha ziwa nyuma yetu, tukafuata barabara ya Beni, na Beni shangazi wa kwanza akatupokea kwa ugali, sombe na maswali ya ndoa. Jioni Kambale akatoka uani kunyoosha mkono. Akaunga ufito wake wa kuvulia, akafunga nzi wa rangi ya kahawia, akaanza kurusha kuelekea kwenye mgomba. Alirusha vizuri sana, sikatai. Nzi alitua juu ya vumbi, akatikisika kidogo, na kuku wa jirani, ambaye hajawahi kusikia habari za Louisiana, akammeza.

Hivyo ndivyo binamu yangu alivyopata windo lake la kwanza nchini Kongo. Jirani alikuwa mtu wa haki: alitaka bei ya kuku pamoja na bei ya mayai ambayo kuku huyo angetaga. Shangazi akasuluhisha, tukalipa nusu ya mayai. Kuku hakurudishwa.

Tulipofika nyumbani Butembo, tulipanda pikipiki mbili kushuka ziwani kwa njia ya Kyondo. Butembo iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za koti. Ziwa Edward liko kwenye mita 912. Kambale, kwa kuogopa baridi, akaamua kuvaa tangu nyumbani ile suruali yake ya kuingilia majini, ya mpira mtupu, inayoanzia kwenye nyayo na kuishia kifuani. Nilimwambia, "Yaya, hiyo iache kwanza." Akasema imetengenezwa kupumua.

Tatizo la kwanza halikuwa joto. Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyotangazwa Mangina na kuua watu zaidi ya 2,200, ilituachia kumbukumbu ya riposte, wale wapambanaji wa Ebola waliovaa mpira mwili mzima, na popote waliposhuka, mtu alikuwa anachukuliwa. Kwenye kijiji cha kwanza watoto walimwona Kambale wakakimbia. Kwenye cha pili walikimbia na wazazi wao. Motari wangu akawa anapunga mkono njia nzima akipiga kelele, "Si riposte! Ni shemeji!" Kwa nini shemeji, mpaka leo sijui, lakini ilisaidia.

Halafu bariera ya askari.

Ufito wa Kambale ulikuwa wa vipande vinne, nao unasafiri ndani ya bomba la alumini lenye mfuniko wa kuzungusha, rangi ya kijani iliyokolea. Katika jimbo ambalo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na ambako hata mtoto wa shule ya msingi anaitambua silaha kwa mlio, Kambale alikuwa amelifunga bomba hilo mgongoni, mdomo ukitazama juu.

"Shuka. Polepole. Hilo liweke chini."

Akaliweka.

"Ni nini?"

"Ni ufito wa kuvulia samaki, shefu," nikasema. Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu ya ugide.

"Samaki gani anavuliwa kwa bomba?"

Wakalifungua, vipande vikatoka, wote tukapumua. Nilidhani tumevuka. Ndipo kijana mmoja akakuta kisanduku cha nzi. Akakifungua taratibu, akanyamaza, akawaita wenzake. Ndani mlikuwa na safu za ndoano ndogo zenye manyoya mekundu, nywele za paa na nyuzi za dhahabu, kila moja kwenye kitundu chake. Ndugu msomaji, kama umekaa kwetu unajua ni nani wanaotembea na manyoya na nywele zilizofungwa kwa uzi: wapiganaji wa Mai-Mai, na hirizi zao za kugeuza risasi kuwa maji.

"Dawa hii ni ya nani?"

"Ni nzi, shefu," akajibu Kambale kwa fahari, kabla sijamkanyaga mguu.

"Nzi wa nani?"

"Wangu. Nimewafunga mwenyewe, usiku."

Sitaeleza yote yaliyofuata. Niliongea Kiswahili, nikaongea Kifaransa, nikamtaja shangazi wa Beni na mchungaji wake. Kilichotuokoa ni kwamba mkubwa wao alikuwa mvuvi utotoni. Aliichukua ndoano moja, akaikagua, akacheka mpaka akashika goti. "Huyu anataka kumdanganya samaki kwamba yeye ni nzi!" Akachagua nzi mwekundu kuliko wote, akamchomeka kwenye kofia yake, akatuagiza tukirudi tusimsahau kwa samaki. Kambale akanong'ona kwamba huyo alikuwa nzi wa dola sita.

Tulipofika bondeni jua lilikuwa limeshika kazi. Ile suruali ilipumua kweli, lakini ilipumulia ndani. Tulimvua Kambale kwa msaada wa watu wawili, maji yakamwagika, na bado hatujaliona ziwa.

Ziwa hili limezoea mambo ya wageni. Stanley alipita mwaka 1889 akalipa jina la mwana wa malkia wa Uingereza. Mwaka 1973 Mobutu akampa zawadi rafiki yake wa Kampala, likawa Ziwa Idi Amin. Amin alipoanguka mwaka 1979, Edward akarudishwa kazini. Samaki hawakuombwa maoni. Maji yake si ya chumvi. Chumvi iko ng'ambo, upande wa Uganda, kwenye ziwa dogo la Katwe, ambako babu zetu waliifuata kabla mpaka haujachorwa. Kambale alipoambiwa hivyo alisema si kitu, chumvi tutatia mezani.

Kyavinyonge ni mji wa samaki, na viboko nao wana haki ya kupita. Wanatoka majini jioni, wanapita kati ya nyumba, watu wanawapisha. Zamani walikuwa wengi kupita kiasi: miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 25,000 katika Hifadhi ya Virunga, kisha vita na biashara ya nyama vikawashusha hadi chini ya elfu moja katikati ya miaka ya 2000. Wavuvi wanawalilia kwa hesabu zao wenyewe. Kiboko anakula nyasi nchi kavu na kunya majini, kinyesi kinalisha vijimea, vijimea vinalisha tilapia. Kiboko akipungua, sahani inapungua.

Mzee mmoja wa pirogi, ambaye Kambale alimwonyesha mafunjo ya mbali na kusema "pale ndipo hasa", alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole. Ziwa lote la upande wetu limo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Uvuvi umeruhusiwa kutoka sehemu tatu tu: Vitshumbi, Nyakakoma na hapa Kyavinyonge. Na mle kwenye mafunjo, kwenye maji ya magotini, ndimo samaki wanamozalia. Ni marufuku kwa kila mtu, na pirogi inayokutwa humo inachomwa moto. "Isitoshe," mzee akaongeza, "tilapia jike anabeba mayai na watoto mdomoni. Siku hizo hali kitu. Nzi wako atamweka wapi?"

Basi kinamasi, ambacho ndicho kilichomtoa mtu Ulaya, kikafutwa. Akaruhusiwa kurusha mbele ya ufuko wa mji, pale pirogi zinapotua, baina ya akina mama wanaopasua samaki, nyavu zinazokauka na marabu. Hao marabu ni ndege warefu kama wazee wa baraza, wenye upara, wanaosubiri matumbo ya samaki bila haya yoyote. Watu wakajaa. Jioni ikaingia, na kutoka ziwani likainuka wingu zima la vijinzi, maelfu kwa maelfu, wakaingia puani, masikioni, kwenye uji wa watoto. Mama mmoja akatazama kile kisanduku, akatazama wingu, akauliza huyu papa ameleta nzi huku kwa kukosa nini.

Nimeshasema kwamba mshipi unapigwa nyuma na mbele. Mbele kulikuwa na ziwa. Nyuma kulikuwa na matumbo ya samaki. Nzi wa Kambale alipogusa chini nyuma yake, marabu mmoja akamwokota, akaondoka naye kwa mwendo wa heshima kuelekea kanisani. Gurudumu la mshipi likapiga kelele. Kambale, macho yakiwa ziwani, akapaza sauti, "Mkubwa! Mkubwa huyu!" Alikuwa anapambana na maji huku mshipi unapita bega lake kwenda mjini. Watoto walianguka chini kwa kicheko. Marabu alipoonja manyoya akatema, na kulikuwa na dharau katika kutema kwake.

Lakini alivua. Kabla giza halijaingia, tilapia mdogo, wa kiganja, alimshika nzi mweusi, na Kambale akamtoa kwa ustadi ambao hata wavuvi waliupigia makofi. "Kambale amekuja kuvua kambale, amemkosa ndugu yake!" akasema mmoja. Akapigwa picha. Kisha Kambale akainama, akamlowesha samaki, akamfungulia.

Ukimya ulioshuka pale ufukoni siwezi kuusahau. Mama aliyekuwa akipasua samaki akaweka kisu chini, akauliza kwa adabu yote:

"Papa, huyo ulikuwa unamdai nini?"

Ndipo mdahalo ukaanza. Wengine walisema ni nadhiri ya kanisa. Wengine walisema Ulaya ameugua. Mvulana mmoja alijitupa majini na beseni kumfuata aliyesamehewa, akatoka na tope. Nami gide nikasimama katikati nikifasiri: kwamba analipa nauli, analipa ndege, analipa kuku, ili ashike samaki na kumwachia. Kadiri nilivyofasiri ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya.

Aliyetuokoa ni yule mzee. Alisema samaki yule alikuwa mdogo, na sheria inasema mdogo arudi. Kama wenye nyavu za macho madogo wangekuwa wanafanya hivyo, tilapia wasingekuwa wa kiganja leo. Watu kadhaa wakaanza kuangalia miguu yao. Kisha akamgeukia Kambale: "Lakini wewe, mwanangu, mara nyingine mfungulie usiku."

Usiku huo nilimsimulia Kambale kitu alichopaswa kukijua kuliko mimi. Si mbali na hapo, Katanda, kando ya mto Semliki, vilichimbuliwa vyusa vya mfupa vyenye miba, vinavyokadiriwa kuwa na miaka 90,000 hivi, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Na Ishango, pale Semliki inapotoka ziwani, Jean de Heinzelin alipata mwaka 1950 ule mfupa wenye mikato iliyopangwa, wa miaka kama 20,000. Wengine wanasema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi. Mimi naamini ni daftari la madeni ya samaki. Mfupa huo uko Brussels, mwendo wa tramu kutoka anakoishi, na hajawahi kwenda kuutazama. Wavuvi wa miaka yote hiyo, na hakuna ushahidi hata mmoja kwamba kuna aliyemrudisha samaki.

Asubuhi tulinunua tilapia wa kutosha kutoka pirogi zilizokesha, tukapanda nao Butembo. Yule wa bariera alipata wake wawili. Bado alikuwa na nzi kofiani.

Kambale amesema atarudi na wenzake. Kwa hiyo naomba, nyinyi ndugu mlioko Ulaya: ufito leteni, hakuna neno, lakini bomba liacheni hukohuko na ufito muufunge ndani ya mkeka. Suruali ya mpira msiivae njiani. Nzi msilete, tunao. Na atakayenitaka mimi kuwa gide, bei yangu ni ya Louisiana, kuku hayumo.