Posa ya Tatu
Kiswahili na Uganda ni uchumba usiokwisha. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa; wengi wakakisikia midomoni mwa askari, nacho kikanuka baruti. Mwaka 2005 katiba ikarekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike pale Bunge litakapoelekeza kwa sheria. Julai 2022 baraza la mawaziri nalo likakiridhia kuwa lugha rasmi. Looo! Posa imekubaliwa mara tatu, bwana harusi angali kasimama mlangoni na kilemba chake, na wanaojadili kama afunguliwe wanajadiliana (usicheke) kwa Kiingereza kilichonyooka. Msomaji wangu, ukiletewa mwaliko wa nne, kula kwanza kwako.