Muulize Shangazi Kebo

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa watu waliogombana na vinasa sauti vyao. Nimezisoma kwa uvumilivu. Kinasa hakiandiki barua, kwa hiyo mtanisamehe nikionekana nakitetea.

Shangazi, shikamoo. Mimi na kinasa changu kipya tunaishi vizuri tu. Shida ni nikikipeleka kwa kompyuta. Nikikichomeka kinawaka, betri inajaa, lakini kompyuta inajifanya haijakiona. Nimejaribu hadi ya ofisini. Je, kuna mkono wa mtu?
— Katibu wa Kwaya, Morogoro

Marahaba. Mkono wa mtu upo, ni wa yule kijana aliyekuuzia waya pale stendi. Ndani ya waya wa kawaida wa USB kuna nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za kupitisha data. Nyaya nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kwa kuchaji tu, na zile nyuzi mbili za data hazimo kabisa. Kwa nje huwezi kuzijua. Tumia waya uliokuja kwenye boksi la kinasa, au wowote uliowahi kukuhamishia picha.

Ukishaubadilisha, tazama kioo cha kinasa kabla ya kuilaumu kompyuta. Vinasa vingi hukuuliza: niingie kama ghala la mafaili, au kama maikrofoni yako? Watu wenye haraka huchagua maikrofoni, kisha wanashinda wakitafuta mafaili ambayo hayataonekana mpaka wachague ghala. Na ukimaliza kunakili, iambie kompyuta ikiachie kifaa ndipo uchomoe. Wanaochomoa kwa hasira ndio wanaoniandikia barua kama ile ya nne hapo chini.

Shangazi, nilinasa taarabu kwenye harusi ya binamu yangu. Nikakiweka kinasa mbele ya spika kubwa nisikose kitu. Sasa sauti inakwaruza mwanzo mpaka mwisho, na mama wa bibi harusi anadai nakala kila siku. Ipo programu ya kuisafisha?
— Ninayejificha, Kisauni

Endelea kujificha. Kwenye kinasa cha kidijitali, sifuri ndiyo dari. Mizani inaonyesha desibeli za chini ya sifuri, na sauti ikigonga pale juu, kilele chake hukatwa. Kilichokatwa hakikuandikwa popote, kwa hiyo programu haina cha kurudisha. Itakisia na kupunguza ukali, basi. Siku nyingine fika mapema, wimbo wa kwanza ukipigwa kwa nguvu zote uweke kiwango ili vilele vikae karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, kisha uondoe mkono. Usikiachie kinasa kijipangie chenyewe. Kikijipangia, mwimbaji akinyamaza kinapandisha sauti ya ukumbi, na utasikia jenereta limepewa beti zake.

Kweli, vipo sasa vinasa vya biti 32 za nukta elea, ambavyo ukizidisha unaweza kushusha baadaye bila hasara. Lakini maikrofoni nayo ina kikomo chake, na spika za harusi za Kisauni nazijua.

Utaambiwa pia uchukue sauti moja kwa moja kwenye mixa. Ni ushauri mzuri nusu. Mixa hubeba kile kilichohitaji kuongezwa nguvu. Katika ukumbi mdogo mwimbaji na kinanda vimo, lakini ngoma inajitosheleza, huenda hata maikrofoni haikupewa, na vigelegele vya wanaokwenda kutunza havimo kabisa. Utampelekea mama wa bibi harusi taarabu isiyo na watu, naye alichotaka ni kusikia nani alishangilia na nani alinuna. Kinasa kama Zoom H4n kina maikrofoni zake juu na matundu mawili ya waya chini, na kinaweza kunasa vyote vinne kwa pamoja. Mixa kupitia chini, ukumbi kupitia juu, unachanganya nyumbani. Kama chako hakina matundu hayo, kitie kwenye stendi ndefu kupita vichwa vya watu, mbali na spika, na usikishike mkononi. Kila kidole kinasikika.

Shangazi, nilibonyeza kitufe chekundu, taa ikawa inawaka na kuzimika, nikamhoji babu saa mbili. Hakuna faili hata moja!
— Mwanachuo, Dodoma

Taa ya kupepesa, kwenye vinasa vingi, maana yake ni "niko tayari, nakusubiri wewe." Unabonyeza mara ya pili. Tazama namba za muda. Zisiposonga, hunasi kitu. Rudi kwa babu, na safari hii nenda na sukari.

Shangazi, nimefuta kaswida za madrasa nzima kwa bahati mbaya. Mwalimu hajajua.
— Nisitajwe, Tanga

Zima kinasa sasa hivi, toa kadi, usinase hata kikohozi. Kufuta huondoa jina la faili kwenye orodha. Sauti yenyewe hubaki ndani ya kadi mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu ya PhotoRec ni ya bure, na pamoja na jina lake inatafuta hata sauti. Ila utakachookoa kihifadhi kwenye kompyuta, si kwenye kadi ileile, usije ukazika maiti juu ya maiti.

Bi Kebo, as-salaam alaykum. Ninalo boksi la MiniDisc za miaka ya 1990, nyimbo na hadithi alizonisimulia marehemu mama kwa Kiswahili cha Unguja. Mashine bado inacheza. Nitumie waya gani kuzitia kwenye kompyuta?
— Baba Salma, Muscat

Wa alaykum salaam. Waya huo haupo, na kosa si lako. Sony walipotoa MiniDisc mwaka 1992 hawakuwa wanafikiria kompyuta. Mwaka 2001 ikaja NetMD yenye USB, lakini barabara yake ilikuwa ya upande mmoja: nyimbo kutoka kompyuta ziingie kwenye diski, ulichonasa mwenyewe kisitoke. Mlango ulifunguliwa mwaka 2004 na Hi-MD, na mwaka 2006 ikatoka MZ-RH1, inayoweza kupakua hata diski za zamani kama zako. Waliobaki nazo wanaziuza ghali, na sikulaumu ukiguna.

Njia ya bei nafuu ni ya polepole. Chukua waya wenye ncha mbili za hedifoni, upande mmoja kwenye tundu la kutolea sauti la mashine yako, wa pili kwenye tundu la laini la kinasa kipya. Usiuchomeke kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta ya mapajani, ambalo mara nyingi litakupa sikio moja tu. Diski ya dakika 74 itachukua dakika 74. Anza na zile anazohadithia, nyimbo huenda wengine wanazo. Na mwite Salma akae nawe aandike majina yanayotajwa, maana kompyuta haitamjua Bi nani wala mtaa gani.

Shangazi, nilinasa kikao cha ukoo kuhusu kihamba. Yametoka mafaili mawili, baba mdogo anadai nimekikata makusudi. Tena sikuzima kinasa wakati wa mbege.
— Mjukuu wa Kwanza, Rombo

Mwambie baba mdogo hesabu haina upande. Sauti ya WAV ya ubora wa sidii hula takribani megabaiti 10 kwa dakika, na vinasa vingi vikifika gigabaiti 2 hufunga faili na kufungua jingine, yaani baada ya saa tatu na dakika ishirini hivi. Mkizidisha maneno, mtazidisha mafaili. Yaunganishe kwenye Audacity mbele ya wote.

Sehemu ya mbege ikate usiku, peke yako. Lakini kabla hujaikata nitumie nakala. Nataka kujua nani alisema amejua siku zote zilipo hati.